Nyundo ya kununua: tazama tundu kwanza, bei baadaye

Mwezi uliopita nilikuwa napigilia mbao za banda la kuku. Pigo la tatu, mkono ukawa mwepesi ghafla: nimebaki na mpini, kichwa kimepita juu ya bega la mwanangu aliyekuwa ananishikia ubao, kikavunja kioo cha dirisha la jikoni. Nyundo ina siku nne tangu niinunue Kariakoo kwa elfu kumi na mbili, inang'aa rangi nyekundu mpaka utosini.

Kwa hiyo leo uzito na makucha siviongelei sana. Kwa kazi za nyumbani chukua ya aunsi 16, karibu gramu 450, inatosha. Mimi nataka utazame tundu, pale mpini unapoingia kwenye kichwa.

Igeuze uone juu. Nyundo nzuri ya mpini wa mbao, mti umejaza tundu lote, kabari ya mbao, yaani kipande chembamba cha kuubana mpini usichomoke, imepigiliwa katikati, na mara nyingi ipo na kabari ya chuma imeikata. Ukikuta rangi nzito imefunika hapo, shtuka. Yangu nilipoikwangua kwa kisu sikuona kabari. Kulikuwa na karatasi ngumu iliyokunjwa na kumwagiwa gundi. Karatasi, jamani, na mtoto amesimama mbele yangu! Halafu shika kichwa kwa mkono mmoja, usokote mpini kwa mwingine. Ikicheza hata kidogo, iache.

Wengine watakwambia uiloweke usiku kucha, itabana. Itabana, ndiyo, lakini kwa muda tu. Mbao ikivimba ndani ya chuma kisichotanuka inajiponda yenyewe, na ikikauka inalegea kuliko mwanzo.

Namba moja kwangu ni Estwing, na sifichi mapenzi yangu. Ni kampuni ya Rockford, Illinois, Marekani, iliyoanza 1923. Nyundo zao za chuma kitupu zimefuliwa kichwa na mpini kipande kimoja, kisha mpini ukavikwa mshiko wa buluu. Tundu hakuna, kabari hakuna, cha kuchomoka hakuna. Ni ghali, na mimi ilibidi niagizie kwa shemeji anayesafiri. Nilijinyima miezi miwili na sijutii hata shilingi.

Ya pili ni Stanley ya mpini wa faiba, kwa kuwa faiba haivimbi wala haisinyai. Ya tatu ni ya mbao, ila nunua kichwa kizuri umpelekee seremala akutilie mpini na kabari mbele ya macho yako. Nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini, zisikatishe. Zile za bei rahisi zenye mpini wa bomba hupinda shingoni, usihangaike nazo.

Kilichoniuma zaidi ni muuzaji. Nilimrudishia vipande vyote viwili, akanijibu, "Dada, ulipiga vibaya," akanionyesha maandishi ya kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kioo nimelipa mwenyewe. Siku hizi natembea na kisu kidogo, naomba nikwangue rangi kabla sijatoa hela. Juzi nilikuwa namtafutia mdogo wangu ya mbao. Maduka mawili walininyang'anya nyundo mkononi. La tatu, mzee aliikwangua mwenyewe, akanionyesha kabari mbili. Hiyo ndiyo niliyoinunua.