Dakhalia au kwenda na kurudi?

Hapa Zanzibar, mtoto akipasi kuingia skuli ya vipawa, wazee hufurahi wiki moja, kisha swali linakuja: alale dakhalia, yaani bweni la skuli, au apande daladala kila asubuhi?

Miaka ya nyuma nisingejiuliza. Dakhalia ndiko watoto walikofunzwa kufua, kuamka alfajiri na kumwamkia mwalimu hata wakimkuta sokoni Darajani. Sasa sina hakika. Mpwa wangu alirudi likizo kutoka skuli yenye jina kubwa, akapita barazani mbele ya wazee wanne waliokuwa wakinywa kahawa, hedifoni masikioni, kimya. Babu yake akashusha kikombe: "Huyu ni wa kwetu?" Kijana alikuwa wa tatu darasani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, alama zimepanda, adabu imebaki njiani. Bwenini walezi ni wachache na vijana ni chungu nzima, kwa hiyo anayemlea mtoto hasa ni rafiki wa kitanda cha juu.

Anayerudi nyumbani anachoka, nakiri. Kutoka Makunduchi hadi mjini ni safari, na masomo ya usiku anayakosa. Lakini jioni yupo chuo cha Kurani kwa ustadhi, mama anamtuma dukani, na jirani akimwona na sigara Jang'ombe, habari inafika nyumbani kabla yake.

Wangu atalala nyumbani mpaka amalize kidato cha pili. Dakhalia tutaizungumza baadaye, na simu itakaa kabatini kwangu.