Baiskeli ya milima niliyoiunga mwenyewe Mbeya: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Ukiwa Mbeya na unataka baiskeli ya kupanda nayo mlima kweli, tafuta fremu nzuri ya mtumba, yenye shokapu mbele tu na nyuma kavu (wenyewe wanaiita haditeli), halafu pesa zako zipeleke kwenye magurudumu na breki. Zile mpya za bei poa zenye springi mbele na nyuma na stika za moto ziache dukani. Springi yake ya nyuma inameza nguvu kila unapokanyaga pedali, bushi zinalegea mapema, na uzito wake utaujua ukianza kuitafuta Kawetere, huko milimani.

Yangu ni Trek 4300 ya alumini, matairi ya 26. Niliichukua kwa muuza mtumba kwa laki tatu kasoro, imechoka lakini haijavunjika. Yeye alikuwa ananisifia rangi, mimi nimeinama nakagua maungio ya shingo na ya bomba la siti, maana nyufa za alumini huanzia hapo na hujificha chini ya rangi. Nikachomoa bomba la siti. Likikataa kutoka, ondoka, limeganda humo na utalitoa kwa msumeno. Nikasimama nyuma yake kuangalia lile sikio dogo linaloshika mashine ya kuhamisha cheni. Baiskeli hizi husafiri zimelaliana kwenye kontena, na sikio ndilo hupinda kwanza. Langu lilikuwa limepinda kidogo, tukalinyoosha taratibu kwa spana. Cha mwisho, fremu iwe na matundu ya kufungia kalipa (kibanio cha breki) ya diski nyuma. Isipokuwa nayo, usijidanganye kwamba utaongeza baadaye.

Kwa nini 26 wakati dunia imehamia 29? Spea. Tairi na tyubu za 26 zipo kila genge la fundi kuanzia Mbalizi mpaka Uyole. Za 29 ni za kuagiza. Na kuna mtego: watu wanadhani tairi la 28 la Phoenix, ile baiskeli ya mizigo, linaweza kusaidia kwenye 29 siku ya shida. Haliwezi. Namba ndogo za milimita ubavuni mwa tairi ndizo zinazosema kweli: ile 28 ya baiskeli za mizigo ni 635, 29 ni 622, 26 ya milima ni 559. Yaani 28 ile ina rimu kubwa kuliko 29. Kama ubavuni imeandikwa 559, lete, hata kama jina ulikuwa hujawahi kulisikia.

Hata pua ya tyubu iangalie. Nimechagua ile nene kama ya gari, ili kituo chochote cha kujaza upepo kinitoshe.

Kwenye gia nilibishana sana na vijana tunaoendesha pamoja. Wao wanataka sahani moja mbele, meno 32, na kaseti (rundo la gia za nyuma) ambayo gia yake kubwa ina meno 46. Inapendeza. Ila mimi nimebaki na sahani tatu za zamani, 22, 32 na 42, na kaseti ya gia 8 ya meno 11 hadi 34. Piga hesabu, namba ikiwa ndogo kupanda ni rahisi: 22 kwa 34 ni 0.65, 32 kwa 46 ni 0.70. Sahani yangu ya kizamani ni nyepesi zaidi kupandia, tena gurudumu langu ni dogo. Mji wenyewe uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mlima Loleza unakwenda mita 2,656, kwa hiyo huku pumzi inaisha kabla ya mapaja. Halafu cheni ya gia 8 ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye gia 6 na 7, inauzwa popote.

Sasa magurudumu. Nilikataa habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma yenye frii, yaani rundo la gia, ya kufungwa kwa thredi, kwa sababu beringi ya upande wa cheni inakaa ndani mbali na mwisho wa ekseli, na mtu mzito akidondoka kwenye makorongo ekseli inapinda. Nikatafuta habu ya kaseti, Shimano iliyotumika. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii umeifungua?"

"Bado."

"Basi usiseme ni nzima."

Akaifungua. Grisi imekuwa tope jeusi. Akamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo, tisa kila upande, akaziosha kwa petroli na kuzikagua moja moja kwenye mwanga. Mbili zilikuwa zimechubuka, akabadilisha zote. Spana nyembamba za koni hana, ila ana spana 13 na 15 za kawaida alizozisaga ubavu kwenye jiwe la umeme mpaka zikaingia. Akakaza, akashika ekseli kwa vidole viwili, akazungusha, akalegeza kidogo, akazungusha tena. Kazi hiyo peke yake nampa tano kwa tano.

Kwenye waya tulikosana. Alitaka kunifungia kava la breki kwenye gia. "Waya ni waya, mwanangu." Hapana. Kava la breki ndani lina chuma kilichozungushwa, ukilikunja linabadilika urefu, na gia zinaanza kurukaruka. La gia lina nyuzi za chuma zilizonyooka; ukiliweka kwenye breki linaweza kupasuka ukibana kwa nguvu. Nililipia kava la gia mwenyewe, akafunga huku anaguna.

Breki nimeweka diski za waya, milimita 180 mbele na 160 nyuma. Za mafuta zina nguvu zaidi, sibishi. Lakini za Shimano zinatumia mafuta ya madini, na maduka yetu ya spea za magari yamejaa DOT, yaani mafuta ya breki za gari. Ukitia DOT humo, sili zinavimba na breki imekwisha. Waya nanunua popote. Kuteremka lami ya Chunya kurudi mjini kunazipa joto, vidole vinachoka, ila zinashika.

Kilichoniangusha ni shokapu. Ni ya springi, milimita 100, nzito, na kwenye mawe mfululizo inadunda badala ya kumeza. Kuipata nyingine si rahisi: mpya nyingi zina shingo iliyopanuka chini, na fremu yangu inataka bomba lililonyooka la inchi moja na moja ya nane. Kwa sasa naipunguzia kazi kwa upepo: fundi wengi wanajaza tairi mpaka ligonge, mimi natoa mpaka PSI 28 mbele. Kwenye njia ya kwenda ziwa Ngozi, kati ya mashamba ya viazi, kiangazi vumbi likiwa jingi, tofauti unaisikia kwenye viganja.

Masika sijaipenda sana. Udongo ule unaganda kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma, na pedi za diski zinaisha haraka. Nunua pedi jozi mbili kabla ya Novemba.