Henia ya kinena: nilisubiri miezi 19 kabla ya upasuaji

Mimi ni fundi seremala mjini Morogoro. Uvimbe wa henia, yaani ngiri (utumbo kusukumwa nje kupitia tundu kwenye msuli wa tumbo), ulipojitokeza kinenani, ukawa unarudi ndani kila nilipolala, hospitali binafsi niliyoanzia ilinitaka nilipie upasuaji siku ileile bila kunieleza kwamba kusubiri nako ni njia halali ya matibabu, jambo lililoniudhi sana.

Daktari wa pili alinipa muda wa kuuliza. Alinieleza utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2006, uliohusu wanaume 720 wenye henia isiyowasumbua sana: kati ya waliosubiri, waliopata dharura ya henia kunasa (utumbo kubanwa kwenye tundu ukashindwa kurudi) walikuwa chini ya 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka, ila walipofuatiliwa baadaye, katika miaka 10 takribani theluthi mbili ya waliosubiri waliishia kupasuliwa, wengi wao kwa sababu ya maumivu. Alisisitiza kwamba hesabu hiyo haiwahusu wanawake, ambao huweza kuwa na henia ya paja, inayonasa kwa urahisi zaidi.

Nikasubiri. Hospitali sikuilipa chochote zaidi ya ada ya kumwona daktari, lakini karakana ililipa: siku tatu kila wiki nilimpa kijana shilingi 5,000 anibebee mbao, na kazi za makabati makubwa nikazikataa. Maumivu ya jioni yalipoanza, nilikaa nikapiga hesabu, nikakuta ujira wa kijana peke yake umepita shilingi milioni 1.2, ilhali upasuaji katika hospitali ya serikali ulinigharimu 480,000, pamoja na wavu wa kuziba tundu. (Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wavu wa kitambaa cha chandarua, ukitakaswa ipasavyo, hufanya kazi vizuri kama ule wa bei ghali, natamani hospitali zetu zilitazame jambo hilo.)

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni na kesho yake nikarudi nyumbani. Kazi nyepesi nilianza baada ya wiki mbili, kubeba mbao baada ya sita. Ngozi iliyo chini ya kovu bado ina ganzi, na daktari alikuwa amenionya kwamba takribani mgonjwa 1 kati ya 10 hubaki na maumivu ya muda mrefu, kwa hiyo simlaumu mtu wa kazi ya mezani, asiyeumwa, anayeamua kusubiri. Mimi, kwa kazi hii ya kubeba, ningelipia upasuaji ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.