ATmega1284P: chipu ya biti 8 kwa miradi inayokula RAM

Nimekuwa nikiitumia ATmega1284P, kidhibiti-mikro (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) cha aina ya AVR, kwenye vifaa vya kurekodi data za vihisi, na kwa kazi ya namna hiyo sijaona ya biti 8 inayonifaa zaidi.

Wengi tumeanzia ATmega328P, chipu ndogo ya aina hiyohiyo. Flashi yake, yaani kumbukumbu ya kuhifadhi programu, ya kilobaiti 32 hutosha kazi nyingi. Kinachobana ni RAM, kumbukumbu ya data wakati programu inaendeshwa, kilobaiti 2 tu. Piga hesabu: skrini ya OLED ya pikseli 128 kwa 64 inataka bafa (nafasi ya kuweka data kwa muda) ya baiti 1,024. Kadi ya SD husomwa kwa vipande vya baiti 512. Zimebaki baiti 512, na hapo steki (sehemu ya RAM ambayo vitendaji hutumia vinapoitwa) haijapata chake, wala bafa za UART (mlango wa mawasiliano ya data), wala maandishi ya menyu. Programu inapita kwenye kompaila bila kosa lolote, halafu chipu inajiwasha upya katikati ya kazi au skrini inajaa takataka, kwa sababu steki imeshuka hadi kwenye vigeu na kuviharibu.

Wakifika hapo, watu hukimbilia ATmega2560 kwa kuwa flashi yake ni kilobaiti 256. Angalieni RAM kwanza, jamani! Hiyo ina kilobaiti 8, ilhali 1284P ina 16, pamoja na flashi ya 128. Tena 1284P inapatikana katika umbo la DIP la pini 40, unaichomeka moja kwa moja kwenye bredibodi. Ukihitaji UART nne au RAM ya nje, basi 2560 ina haki yake. 1284P ina UART mbili.

Kioo chake cha mapigo ya saa (crystal) kiwekee fyuzi (mipangilio ya msingi ya chipu) za mtetemo wa nguvu kamili, si zile za kuokoa umeme. Kwenye DIP, pini ya kioo XTAL1 inapakana na RXD0, pini ya kupokea data ya UART, na data zinazoingia kwa kasi zinaweza kuuvuruga mtetemo. Kwa Arduino, sakinisha MightyCore, nyongeza inayoiwezesha kuitambua chipu hii. Maandishi yasiyobadilika yabaki kwenye flashi kwa kuyawekea neno PROGMEM kwenye msimbo, la sivyo hunakiliwa kwenye RAM kila chipu inapowaka.

Familia mpya ya AVR DB nayo ina chipu zenye flashi 128 na RAM 16, na hufika megahezi 24 badala ya 20. Ila EEPROM yake, kumbukumbu ndogo isiyopotea umeme ukikatika, ni baiti 512, na mimi vipimo vya kurekebishia vihisi huvihifadhi humo, kwa hiyo kilobaiti 4 za 1284P bado nazihitaji.