Eaton M62 ya mtumba kwenye gari la zamani: mashine safi, mtihani uko kwenye mkanda

Kwa gari la zamani lenye injini ya lita 2, supachaja (pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuisukumia hewa zaidi) ya kuanzia nayo ni Eaton M62. Mercedes-Benz waliitumia kwenye baadhi ya injini zao za Kompressor miaka ya 1990, na ndiyo maana bado inapatikana kwenye spea za mtumba. Jina lenyewe linataja ujazo: inchi 62 za ujazo, yaani karibu lita 1 ya hewa kila inapozunguka mara moja. Injini ya lita 2 ya mipigo minne nayo humeza lita 1 kwa kila mzunguko wa krenki, kwa hiyo hesabu ya puli haisumbui. Ukifunga puli ya mm 150 kwenye krenki na ya mm 100 kwenye supachaja, unapata uwiano wa 1.5, na mgandamizo wa hewa inayosukumwa kwenye injini hufika takriban bar 0.3 hadi 0.4 juu ya ule wa hewa ya kawaida. Kama pistoni ni za kiwandani, ishia hapo. Kwenye injini ya lita 1.3 hatuipendekezi kabisa. Ni kubwa mno.

Kabla ya kununua, izungushe kwa mkono. Rota, yaani vyuma viwili vya ndani vinavyosukuma hewa, zizunguke laini, zisikwaruze. Ukitikisa puli huku na huku ukasikia mlio wa kugongana, kiunganishi kilicho nyuma ya puli kimelika, hicho hubadilishwa. Sasa mulika tochi kwenye mdomo wa kutolea hewa. Mikwaruzo mirefu kwenye kuta ina maana kwamba beringi zimelegea na rota zimegusa bodi, na hiyo iache hapohapo. Utando wa oili humo ndani unaonyesha sili zimechoka. Oili ya gia za mbele ni yake peke yake, haichangii na injini, na wauzaji wengi hawajawahi hata kuifungua. Imwage, ujaze ya sintetiki ya supachaja mpaka usawa wa tundu la kujazia.

Kazi inapoharibika, mara nyingi huharibikia kwenye bamba la kushikilia. Bamba la chuma la mm 5 hupinda mkanda unapovuta. Tumia mm 10, likamatwe kwenye bloku pointi tatu au zaidi, tena lisigawane boliti na kitu kinachotikisika. Puli zikipishana hata mm 2, mkanda hulika ubavu, kisha huruka. Mkanda mmoja wa V wa zamani hautoshi: utateleza na kunuka mpira ulioungua. Weka wa mifereji 6, uizunguke puli ya supachaja angalau nusu duara, na kikaza mkanda kikae upande uliolegea, si upande unaovuta.

Kwenye kabureta kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiweka kabla ya supachaja: ni rahisi, ila manifoldi yote (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) hujaa mchanganyiko wa petroli, na injini ikirudisha moto lazima pawe na valvu ya kuutolea nje. Ya pili ni kuiweka baada yake. Hapo chemba ya petroli ya kabureta ipate mgandamizo uleule wa hewa inayoingia, na regyuleta ipandishe mgandamizo wa petroli sambamba na wa hewa. Bila hivyo petroli husukumwa irudi nyuma injini inapoihitaji zaidi. Njia hii inadai pia valvu ya baipasi, ya kuipitishia hewa iliyozidi pembeni, kwa sababu M62 husukuma hewa hata ukiachia pedali, na mipira ya hewa itachomoka.

Malalamiko yetu makubwa ni joto. Supachaja ya aina hii haina ufanisi wa kujivunia: kwenye bar 0.4, hewa iliyoingia na nyuzi 30 hutoka ikiwa zaidi ya 80. Hewa ya moto huleta kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda, na kugonga huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Rudisha nyuma taiming ya cheche za plagi digrii 1 kwa kila bar 0.07 ya mgandamizo, na ukiwa umekanyaga sana mchanganyiko ubaki kwenye sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa 1 ya petroli. Pima kwa kihisi cha oksijeni cha masafa mapana. Kwa pua huwezi kujua. Baada ya safari ya kwanza fungua plagi uziangalie kwenye mwanga: vidoa vidogo vya rangi ya alumini kwenye kauri nyeupe ni pistoni inayoanza kuyeyuka, na gari lisiendeshwe tena kabla hujarekebisha petroli na taiming.