Skuta ya umeme kwa mzazi anayesafiri kwa meli: ipi inunuliwe, ipi iachwe dukani

Ukimpeleka mama au baba Mediterania kwa meli ya kitalii, skuta yake ndiyo itakayoamua bandari zipi atashuka na zipi atabaki kuzitazama kutoka juu. Nazungumzia skuta ya kukalia, yenye usukani na betri, wanayotumia wazee ambao magoti au pumzi haziwaruhusu tena kutembea mbali. Wauzaji husifu kasi. Kwa safari hii kasi haina kazi: skuta za njia ya miguu Uingereza zina kikomo cha kilomita 6.4 kwa saa, na gatini hiyo inatosha kabisa. Tazama uzito kwanza, halafu upana, halafu betri.

Nafasi ya kwanza naipa skuta inayokunjwa, ya betri ya lithiamu, yenye kilo 20 hadi 30. Meli nyingi hazikubali skuta iachwe kwenye korido, maana siku ya dharura itaziba njia. Lazima ilale chumbani, na mlango wa chumba cha kawaida mara nyingi haufiki hata sentimita 60. Vyumba vya walemavu vina mlango mpana, lakini ni vichache na huwahiwa mapema. Skuta iliyokunjwa hupita popote na husimama pembeni ya kitanda.

Kwenye ndege, betri ya lithiamu inayochomolewa isizidi Wh 300 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), nawe utaibeba mkononi ndani ya ndege. Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa) zilizoandikwa kwenye betri: 24 mara 10 ni 240, inapita. Muuzaji akikupa betri “ya masafa marefu” ya 24 mara 15, hiyo ni 360, ikatae. Lijulishe pia shirika la ndege mapema.

Kisha kuna bandari zisizo na gati la meli kubwa. Santorini ya Ugiriki na Villefranche ya Ufaransa, meli hutia nanga na abiria hupelekwa pwani kwa boti ndogo. Skuta nzito hukataliwa hapo. Nyepesi ina nafasi, ikiwa bahari imetulia na mzazi anaweza kupiga hatua chache mwenyewe. Hata hivyo Santorini, ukishafika chini, mji uko juu ya jabali, na njia ni gari la kamba, punda au ngazi zaidi ya 500. Kama mzazi wako ana hamu kubwa ya kushuka kila bandari, chagua safari isiyopita huko. Inauma sana kumwacha mtu mzima peke yake melini huku wajukuu wakipunga mkono.

Kasoro ya skuta inayokunjwa ni magurudumu madogo. Mawe ya mitaa ya kale ya Roma yatamtikisa mgongo. Barcelona ni raha: mabasi yote ya mji yana sakafu ya chini na ubao wa kupandia, na ufukweni ni tambarare. Valletta, mji mkuu wa Malta, ina miinuko mikali, ila lifti ya Barrakka, yenye urefu wa mita 58, inakupandisha kutoka upande wa bandari hadi bustanini juu.

Ya pili ni skuta inayogawanyika vipande vinne au vitano. Ni ya bei nafuu zaidi, na yenye magurudumu manne hutulia vizuri chini ya mzee mzito. Lakini vipande vyote pamoja ni kilo 40 na zaidi, na kila mkipanda teksi kuna mtu wa kuinua. Mkisafiri wawili tu, mtu huyo ni wewe.

Kiti cha magurudumu cha umeme kinachokunjwa nakiweka cha tatu. Kama mabega ya mzazi hayawezi usukani, kipandishe kiwe cha kwanza bila kusita.

Kukodi skuta iletwe hadi chumbani kunamfaa mzazi anayetoka Mombasa au Dar kwa safari moja tu. Soma mkataba: je, unaruhusu kushuka nayo bandarini, na ikiharibika nani analipa?

Skuta kubwa ya barabarani iache nyumbani.

Ukipanda meli katika bandari ya Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1177/2010 inakupa msaada wa bure bandarini, ukitoa taarifa angalau saa 48 kabla. Skuta ikiharibiwa kwa kosa la kampuni ya meli au la bandari, mwenye kosa atalipa. Na Uingereza, mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu hatozwi VAT kwenye skuta yake, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Nenda dukani na mzazi mwenyewe. Aiendeshe, aingie nayo kwenye lifti, atoke kinyumenyume. Wewe ikunje na uinyanyue hadi kwenye buti ya gari. Muuzaji asiyekubali majaribio hayo, nenda duka jingine.