Matukio kwa tarehe: nukta au jedwali?

Kurasa za miaka katika Wikipedia ya Kiswahili hupanga matukio kwa nukta, yaani orodha ambayo kila mstari huanza na alama ya kitone. Mwaka 1964, kwa mfano: 12 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar; 26 Aprili, Tanganyika na Zanzibar zaungana. Kuongeza tukio ni kuweka nyota (*) mwanzoni mwa mstari, nayo huonekana kama nukta, basi. Hata mgeni anaweza, na kwenye simu husomeka bila taabu. Jedwali linadai uangalifu, maana alama moja ikikosekana safu zote huvurugika. Ila likiwekwa la kupangika, humruhusu msomaji kupanga upya kwa mahali au idadi ya vifo, na hapo nukta hazifui dafu. Mafuriko yanayoendelea, habari ikibadilika kila saa, mimi huyaandikia nukta. Matetemeko ya miaka 100? Yawekee jedwali.